Kipimo cha sukari kwa glukosi oksidasi: kwa nini majibu ya maabara huwa chini kuliko ya glukomita ya wodini?

Mteknolojia_Wilayani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya ambako sukari ya damu hupimwa kwa kitendanishi cha glukosi oksidasi na peroksidasi, kile kinachogeuka rangi kuwa nyekundu na kusomwa katika spektrofotomita kwenye nanomita 505. Wodini, wauguzi hutumia glukomita za mkononi. Kwa muda sasa madaktari wamekuwa wakilalamika kwamba majibu yetu huwa chini kuliko yale ya wodini, na tofauti hiyo haina mwenendo mmoja: kwa mgonjwa huyu ni ndogo kiasi cha kutotiliwa maanani, kwa yule inafika milimoli 1 kwa lita au zaidi, na kwa watoto waliolazwa kwa malaria kali yenye upungufu wa damu huwa kubwa kuliko kwa wengine wote.

Sampuli zetu za udhibiti ubora zinasoma ndani ya mipaka, na kitendanishi hakijapitwa na tarehe. Damu hutufikia kwa mkupuo, mhudumu akishamaliza kuzungukia wodi zote, na nyingi huwa katika tyubu za kawaida, kwa kuwa zile za kifuniko cha kijivu zenye floridi hazipatikani kila wakati.

Naomba kuelimishwa juu ya mambo matatu. Glukosi oksidasi ni kimeng'enya kinachotokana na kuvu. Je, kuvu ya kiwanda kimoja yaweza kutofautiana na ya kingine hata majibu yakatofautiana? Je, glukomita hutumia kimeng'enya hichohicho? Na tumwamini nani, hasa kwa mtoto ambaye uamuzi wa kumpa dekstrozi unategemea namba hiyo?

Mkemia_wa_Vimengenya alijibu:

Nitajibu swali la kuvu, mengine nawaachia walio karibu na wagonjwa.

Glukosi oksidasi ya maabara hutolewa zaidi katika *Aspergillus niger*, ile kuvu inayoacha ungaunga mweusi kwenye maganda ya vitunguu vilivyokaa ghalani, na kwa kiasi fulani katika jamii za *Penicillium*. Detlev Müller alikieleza kimeng'enya hiki nchini Denmark mwaka 1928, baada ya kuona kwamba dondoo za kuvu hizo hutumia oksijeni kuigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoni. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Uingereza waliokuwa wakiichunguza *Penicillium notatum* kwa ajili ya dawa za kuua bakteria walikutana nacho tena, wakakiita notatini. Ikabainika kwamba muuaji hasa ni haidrojeni peroksaidi ambayo kimeng'enya huizalisha, na kwamba pasipo glukosi hakiui chochote. Mwaka 1948 David Keilin na E. F. Hartree wa Cambridge walionyesha kuwa chaweza kutumiwa kupima glukosi katika vimiminika vya mwili. Jambo lililowavutia ni uchaguzi wake: sukari nyingine zinazofanana na glukosi, kama vile galaktosi na manosi, hukigusa kidogo mno, ilhali vipimo vya shaba vya wakati ule vilijibu kwa kila sukari yenye uwezo wa kupunguza shaba.

Sasa kazi yenyewe. Kimeng'enya hiki ni protini yenye nusu mbili zinazofanana, kila nusu ikiwa imeshika molekuli moja ya FAD, msaidizi wa kimeng'enya anayebeba haidrojeni. FAD huichukulia glukosi haidrojeni mbili, kisha huzikabidhi kwa oksijeni iliyoyeyuka katika kimiminika, na hapo ndipo haidrojeni peroksaidi inapozaliwa. Katika kitendanishi chenu, ambacho asili yake ni njia iliyochapishwa na Trinder mwaka 1969, kimeng'enya cha pili, peroksidasi, hutumia peroksaidi hiyo kuunganisha fenoli na 4-aminofenazoni ili kupata rangi nyekundu. Peroksidasi hiyo si ya kuvu, bali hutolewa katika mzizi wa mmea mmoja wa Ulaya wenye ukali kama haradali. Kwa hiyo hakuna hatua hata moja ambayo mashine yenu huiona glukosi. Inachokiona ni rangi, rangi inategemea peroksaidi, na peroksaidi inategemea oksijeni. Kila kitu kinachoweza kuingilia kati ya glukosi na rangi kitaonekana katika jibu kana kwamba ni sukari iliyopungua au iliyozidi.

Je, chanzo cha kuvu kina athari? Kwa kipimo kinachosubiri mwitikio ufike mwisho, ni kidogo sana, maana glukosi yote hatimaye huliwa, awe mlaji ni wa *Aspergillus* au wa *Penicillium*. Cha kuangalia ni usafi. Kuvu hizi hutengeneza pia katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na mabaki yake yakibaki katika kitendanishi, sehemu ya peroksaidi hupotea kabla ya kuzaa rangi. Ndiyo maana glukosi oksidasi ya kutia katika unga wa mkate ni rahisi na ya maabara ni ghali.

Kuna suala jingine ambalo watu hulisahau. Kimeng'enya huishughulikia glukosi ya umbo la beta pekee. Umbo la alfa, ambalo katika maji lililotulia ni takriban asilimia 36 ya glukosi yote, huliacha karibu bila kuligusa. Kadiri beta inavyoliwa, alfa hugeuka yenyewe kuwa beta, na watengenezaji wengi huongeza mutarotasi ili kuharakisha mgeuko huo. Hii ndiyo sababu dakika 10 za nyuzi 37 zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo hazipunguzwi kwa sababu foleni ni ndefu.

Na hapa nina shaka kidogo na faraja unayoipata kutokana na sampuli za udhibiti. Kitendanishi kilichodhoofika kwa joto huweza kumaliza kazi kwa sampuli ya milimoli 5.5, ambayo ndiyo kwa kawaida thamani ya kiwango sanifu, lakini kikashindwa kumaliza sampuli ya 18 ndani ya muda uleule. Ukitumia udhibiti wa kiwango cha kawaida peke yake, hutauona udhaifu huo. Tumia pia ule wa juu. Halafu kumbuka oksijeni: maji yaliyojaa hewa kwenye nyuzi 37 hubeba takriban milimoli 0.2 za oksijeni kwa lita, nawe ukichanganya mikrolita 10 za plazma yenye glukosi 20 na mililita 1 ya kitendanishi, unapata glukosi ya takriban 0.2, yaani karibu sawasawa na oksijeni iliyopo. Juu ya hapo kipimo hutegemea hewa inayoendelea kuingia kutoka juu ya kimiminika, na ndiyo sababu mojawapo ya maelekezo kukutaka uizimue sampuli inayozidi 22 au 25 badala ya kuiamini namba iliyotoka.

Mkuu_wa_Maabara_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mteknolojia, maelezo ya Mkemia ni sahihi, lakini kwa jinsi ulivyosimulia, mimi nisingeanza na kitendanishi hata kidogo. Ningeanza na ile sentensi yako inayosema damu hufika kwa mkupuo.

Chembe za damu zilizo ndani ya tyubu ziko hai na zinaendelea kula. Katika joto la kawaida la chumba, damu ambayo haijatenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya glukosi yake kwa kila saa, na huko kwetu ambako chumba kina joto kuliko vyumba vya waliofanya makadirio hayo, upotevu huwa wa kasi zaidi. Mgonjwa aliyetolewa damu akiwa na 6.0, tyubu yake ikakaa saa tatu ndani ya trei, atafika kwenye spektrofotomita akiwa na 5.0 au chini yake. Kitendanishi kitasema kweli kabisa juu ya kilichomo ndani ya tyubu, na daktari atasema kweli kabisa kwamba si sukari ya mgonjwa wake. Wakati huohuo, glukomita ilipima tone la damu palepale kitandani. Huo ni ugomvi wa saa mbili tofauti, nao umevikwa sura ya ugomvi wa mashine mbili.

Kwa mgonjwa wa malaria hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa chembe nyekundu iliyoingiliwa na vimelea hutumia glukosi mara nyingi zaidi kuliko chembe nzima, na vimelea havijui kwamba vimekwisha kuhamishwa kutoka mshipani kwenda kwenye tyubu. Vivyo hivyo kwa mgonjwa mwenye chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, kama ilivyo katika baadhi ya saratani za damu: sampuli yake huweza kusoma sukari ya chini ya kutisha, mwenyewe akiwa ameketi anakunywa uji.

Tyubu ya kijivu husaidia, lakini haifanyi yote inayodhaniwa kufanya. Floridi huzuia enolasi, ambacho ni kimeng'enya cha hatua za mwisho katika mnyororo wa kuvunja glukosi, kwa hiyo hatua za mwanzo huendelea kula glukosi kwa saa moja au mbili hadi msongamano ufike juu na mnyororo wote usimame. Baada ya hapo sukari hutulia vizuri, ila kilichopotea katika saa ya kwanza hakirudi. Tyubu zenye asidi ya sitriki pamoja na floridi huzuia tangu hatua ya kwanza, nazo ni bora, ingawa sikuwahi kuziona katika orodha ya bohari yoyote niliyofanya nayo kazi. Palipokosekana hizo, barafu na mwendo wa haraka ndiyo dawa: tyubu iwekwe katika maji yenye barafu mara tu damu inapotolewa, na plazma itenganishwe ndani ya dakika 30. Tyubu yenye jeli, ikishazungushwa katika sentrifuji, nayo huweka ukuta kati ya mlaji na chakula, na hilo linatosha.

Baada ya kumaliza suala la muda, ndipo uangalie vinavyoiba peroksaidi. Vitamini C, asidi ya uriki iliyozidi sana na bilirubini ya mgonjwa wa manjano hushindana na fenoli kuitumia peroksaidi, hivyo rangi hupungua na jibu hushuka. Asetilisisteini, ambayo hupewa aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, hufanya hivyo pia. Plazma iliyochanganyika na damu iliyopasuka huleta vurugu yake, kwa wekundu wake na kwa vitu vinavyotoka ndani ya chembe. Watoto wachanga wenye manjano ndio ambao ningewatazama kwa makini zaidi, kwa kuwa kwao bilirubini iko juu na sukari iko chini kwa wakati mmoja.

Niongeze kitu kuhusu mkojo, ingawa hukuuliza. Stripu ya mkojo ya glukosi oksidasi ilitoka mwaka 1956 kwa kazi ya Helen na Alfred Free kule Elkhart, Marekani, nayo iliondoa karibu kote kipimo cha Benedict cha kuchemsha mkojo na shaba. Lakini mtoto mchanga mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi wa mwili kushindwa kuitumia galaktosi, hutoa galaktosi katika mkojo, ambayo stripu haiioni na Benedict huiona. Maabara iliyotupa kitendanishi cha Benedict ilitupa pia dalili hiyo, na mimi bado naona ilikuwa haraka isiyo ya lazima.

Tabibu_wa_Watoto alijibu:

Naomba niseme upande wa wodi, maana hapa tumeiweka glukomita kana kwamba ndiyo rula iliyonyooka.

Glukomita nyingi hazipimi rangi, bali hupima umeme. Wazo la kuweka glukosi oksidasi juu ya elektrodi lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962, na tangu miaka ya 1980 stripu nyingi zimekuwa zikitumia kemikali mpatanishi, kwa mfano zile za jamii ya feroseni, inayopokea elektroni kutoka kwenye kimeng'enya mahali pa oksijeni. Mpatanishi huyo hushindana na oksijeni iliyo ndani ya damu. Mtoto anayepewa oksijeni kwa mpira wa puani anaweza kusoma chini kuliko hali halisi katika stripu ya glukosi oksidasi, na mwenye oksijeni kidogo mno akasoma juu. Stripu nyingine hutumia glukosi dihaidrojenasi, ambayo haijali oksijeni, lakini aina yake yenye molekuli msaidizi iitwayo PQQ huihesabu maltosi kana kwamba ni glukosi. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa sababu wagonjwa waliosafishwa damu kwa njia ya tumbo kwa maji yenye aikodekstrini, ambayo mwilini huvunjwa kuwa maltosi, walisomwa kuwa na sukari nyingi, wakapewa insulini, na baadhi yao wakafa. Kwa hiyo swali la pili la Mteknolojia lina jibu moja tu: soma karatasi iliyo ndani ya boksi la stripu, kwa sababu mashine mbili zinazofanana kwa sura zaweza kuwa na vimeng'enya tofauti.

Lakini kwa watoto wetu adui mkubwa ni upungufu wa damu. Stripu imesanifiwa kwa damu yenye chembe nyekundu za wastani. Chembe zikiwa chache, plazma iliyo nyingi hupenya kwa wepesi hadi kwenye kimeng'enya, na mashine isiyo na njia ya kurekebisha husoma juu kuliko ukweli. Mtoto mwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 14 anaweza kusomwa 3.2 ilhali sukari yake halisi imeshuka chini ya 2.2, ambayo ndiyo alama ya Shirika la Afya Duniani ya sukari kushuka katika malaria kali. Ukijumlisha na aliyoyasema Mzee Mstaafu, utaona kwamba kwa mtoto huyu glukomita inavutwa juu na upungufu wa damu, na maabara inavutwa chini na tyubu iliyochelewa. Tofauti yenu kuwa kubwa kwake kuliko kwa wengine wote hainishangazi.

Kuhusu nani aaminiwe: mtoto akiwa amezimia au anatetemeka kwa degedege, na glukomita ikasoma 3 na kitu huku macho yake meupe kwa kukosa damu, mimi nampa dekstrozi kwanza, kisha napeleka damu maabara. Gharama ya kumpa asiyeihitaji sana ni ndogo, na ubongo haungojei majibu ya mkupuo.

Mteknolojia_Wilayani aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mzee na Daktari, pamoja na ndugu Mkemia. Nimezungumza na mganga mfawidhi na tumekubaliana kwamba damu za sukari zisisubiri mzunguko wa wodi. Limebaki jambo moja: tumeshauriwa na muuza vitendanishi kwamba tukihamia njia ya heksokinasi, matatizo haya yote yatakwisha. Bei yake iko juu. Je, ushauri huo una msingi?

Mkuu_wa_Maabara_Mstaafu alijibu:

Una msingi kwa sehemu moja, na sehemu nyingine ni maneno ya biashara.

Heksokinasi huongeza fosfati kwenye glukosi, kisha kimeng'enya cha pili, ambacho mara nyingi hutolewa katika bakteria *Leuconostoc mesenteroides*, huigeuza na kuzalisha kemikali iitwayo NADH inayosomwa kwenye nanomita 340. Hakuna peroksaidi hapo, kwa hiyo vitamini C, bilirubini na asetilisisteini havina cha kuiba, na umbo la alfa na la beta vyote huliwa. Ndiyo maana njia hii hutumika kama kipimo cha kulinganishia vingine. Hata hivyo heksokinasi yenyewe kwa kawaida hutoka katika hamira, ambayo nayo ni kuvu, kwa hiyo asikuuzie kana kwamba umetoka kwenye mambo ya kuvu ukaingia kwenye kitu kingine. Hakikisha pia kwamba spektrofotomita yenu ina kichujio cha 340, maana baadhi ya mashine ndogo hazina.

Lakini heksokinasi haitamrudishia mgonjwa glukosi iliyoliwa ndani ya tyubu. Ukiinunua kabla ya kurekebisha usafirishaji, utakuwa umelipa bei ya juu ili kupata jibu sahihi zaidi la sampuli iliyoharibika.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni ulinganisho huu, ambao hauna gharama kubwa. Mtoe damu ya mshipani ya mgonjwa mmoja katika tyubu yenye heparini. Tone lake lipimwe kwa glukomita papo hapo, sehemu moja izungushwe katika sentrifuji mara moja na plazma yake ipimwe, na sehemu nyingine iachwe kwenye trei kwa muda uleule ambao tyubu zenu huwa zinakaa, kisha ipimwe. Rudieni kwa wagonjwa wengine, mkichagua wenye damu ya kutosha na wenye upungufu, na mwandike hematokriti ya kila mmoja kando ya namba zake. Tofauti kati ya plazma ya mapema na ya baadaye ni ya usafirishaji. Tofauti kati ya glukomita na plazma ya mapema, ikikua kadiri hematokriti inavyoshuka, ni ya stripu. Kama baada ya kuziondoa hizo mbili bado kuna pengo kwa wagonjwa wa manjano au wanaopewa vitamini C kwa mshipa, basi hapo ndipo peroksaidi inapohusika, na hapo heksokinasi inastahili bei yake.

Kwa vitamini C, angalieni pia upande wa pili: katika stripu nyingi za umeme huongeza mkondo na kupandisha jibu, wakati katika kitendanishi chenu hulishusha. Mgonjwa wa namna hiyo msimtumie kulinganisha mashine hizi mbili, na jina la dawa aliyopewa liandikwe kwenye fomu ya maombi kabla tyubu haijaondoka wodini.